Vibao badala ya rimu

Mafinga,
Jumapili jioni

Shoga yangu mpendwa,

Hujambo? Shemeji na watoto wazima? Sisi huku tunashukuru Mungu, ila baridi imetubana. Asubuhi ukungu unaifunika misindano ya Sao Hill usiione.

Uliniuliza kwenye simu nimewezaje kupunguza karatasi darasani. Salio likakata, acha nikuandikie.

Unajua majaribio yetu ya kila Ijumaa. Darasa langu la tano lina watoto 78, kila mmoja karatasi 2: hizo ni 156 kwa wiki. Rimu ina karatasi 500, kwa hiyo wiki ya nne inatukuta tunafungua nyingine. Na mzazi aliyekosa mchango wa kuchapisha, mwanawe alikuwa anakaa mikono mitupu akichungulia ya jirani. Hilo liliniuma kuliko hata karatasi zenyewe.

Basi nikaenda kwa fundi seremala. Huku kwetu mbao ndiyo maisha, mabaki ya plaiwudi yamejaa. Akanikatia vipande vya ukubwa wa daftari, tukavipiga rangi nyeusi isiyong'aa mara mbili. Kila mtoto ana kibao, chaki na kitambaa chenye unyevu, maana kikavu kinatimua vumbi wanakohoa.

Siku ya kwanza niliandika ubaoni 1/2 + 1/3, nikasema, "Inueni!" Shoga, zaidi ya nusu ya vibao vilikuwa na 2/5! Wamejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Kwa karatasi ningeyaona hayo Jumapili usiku nikisahihisha, na Jumatatu tungekuwa tumeshahamia mada nyingine. Nikawaacha wavitazame vibao vyao. Kimya. Kisha binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hata kuitika jina huitika kwa kunong'ona, akasema, "Mwalimu, mbona jibu limekuwa dogo kuliko nusu tuliyoanza nayo?" Nilitaka kulia kwa furaha. Kipindi kizima tukakimalizia hapo hapo, kwenye swali lake.

Karatasi sijaziacha kabisa. Insha inataka daftari. Mtoto lazima aione sentensi yake ya jana ndipo airekebishe leo. Mtihani wa muhula tunachapa, pande zote mbili. Karatasi ya zamani ambayo nyuma ni nyeupe tunaikata katikati, tunaishona kwa uzi, wanaifanyia rafu.

Linalonisumbua ni moja: kibao kikishafutwa, kazi ya mtoto imekwenda. Naandika pembeni majina ya waliokosa, lakini kwa watoto 78 wananiponyoka. Wewe tangu chuoni ulikuwa hodari wa kutunza rekodi. Unafanyaje? Nijibu kabla shule hazijafungwa.

Nakutumia vibao vitano kwa basi la Jumatano. Mwonyeshe mwalimu mkuu wako, kisha uniambie amesemaje.

Nisalimie mama.

Ni mimi,
shoga yako wa Mufindi