Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Waongoza Watalii, Kilwa

Ndugu wanachama, assalamu alaykum na habari za asubuhi.

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina. Mimi nataka tuzungumzie kwa nini mgeni mmoja akiondoka Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wetu wa kale, hurudi na wenzake, na mwingine hatumsikii tena.

Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alifika hapa mwaka 1331. Aliusifu mji na majengo yake, lakini alichokisimulia kwa kirefu ni ukarimu wa Sultani Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Fukara kutoka Yemen alimsimamisha akitoka kuswali Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi, akabadili nguo, akampa zile zote. Karibu miaka 700 baadaye, msafiri yule bado anautangaza mji wetu kwa tendo lile.

Mwaka huu wageni wa meli kubwa walipitishwa Gereza (ile ngome ya kale), Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa (kasri la sultani) mbiombio ili wawahi meli. Tunawamwagia majina ya masultani, wanapiga picha, wanaondoka. Siwalaumu, maana ratiba si yao wala si yetu. Lakini wanaoturudia ni wale waliopata nafasi ya kukaa na watu. Yupo mama wa Kijerumani aliyeketi barazani na msusi wa mikeka pale kijijini, akapewa miyaa ya kusukia, akakosea, akashikwa mkono na kuelekezwa mpaka ukili, ule mkanda wa kushonea mkeka, ukanyooka. Mwaka huu amerudi na binti yake. Aliposhuka kwenye mashua alimuulizia kwanza mwenyeji wake, tena kwa jina. Magofu yalifuata baadaye.

Magofu yenyewe yanawahitaji watu wa namna hiyo. Yaliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyahifadhi. Bahari haijaacha kuzila kuta.

Kamati inapendekeza tupunguze kituo kimoja katika ziara ya kawaida, muda huo utumike kijijini. Husuni Kubwa, mwacheni mgeni akae kimya kidogo kando ya birika la pembe nane kabla hamjaanza maelezo. Picha za watu zipigwe kwa idhini yao. Na mwenyeji alipwe siku hiyohiyo, mkononi. Akikaribisha kwa kinyongo, mgeni ataliona hilo mapema kuliko sisi.

Kiwango cha malipo hayo bado hatujakubaliana. Naomba tukijadili sasa na kukipigia kura kabla ya adhuhuri.