Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini, na suala la ada lina nafasi yake kwenye ajenda. Mimi nitazungumzia masomo yetu ya jioni, maana huko ndiko nguvu zetu za mwaka huu zilikokwenda. Badala ya kurukia mada hii na ile, halmashauri iliamua tufuate kazi ya mtafiti mmoja: Dan Roden, daktari wa moyo wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani. Baadhi yenu mlinung'unika. Kwa maoni yangu mwaka haukutosha.

Roden alihitimu udaktari McGill, Kanada, mwaka 1974, akafika Vanderbilt mwaka 1978 kusomea moyo na famakolojia (elimu ya dawa), akabaki huko huko. Swali lake la mwanzo lilitoka wodini: kwa nini kwinidini, dawa ya kurekebisha mapigo, humwangusha mgonjwa kwa mapigo mabaya kuliko yale ya awali? Mwaka 1986 yeye na wenzake walichapisha maelezo kuhusu wagonjwa wa aina hiyo, na mara nyingi kiwango cha dawa katika damu yao kilikuwa cha kawaida au hata cha chini. Hapo ndipo mjadala wetu ulipopamba moto, kwani wengi tumezoea kulaumu dozi.

Baada ya kila pigo, seli za moyo hutoa potasiamu nje ili zijiandae kwa pigo linalofuata. Kwinidini huziba mmoja wa milango ya potasiamu. Kwenye ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, QT (muda wa moyo kupiga na kujiandaa upya) hurefuka, na mapigo yanaweza kuanza kujisokota kama Mfaransa François Dessertenne alivyoyaeleza mwaka 1966. Lakini milango iko zaidi ya mmoja. Mwaka 1998 Roden alitoa hoja yake ya akiba: mwenye akiba ya kutosha katika milango mingine huhimili mlango mmoja ukizibwa. Aliyerithi hitilafu ndogo, au aliyepungukiwa potasiamu kwa kuhara au kwa dawa za kukojoza, anaweza kushindwa. Wanawake pia wako hatarini zaidi. Kwa hiyo ECG iliyopigwa kabla ya dawa inaweza kuwa safi kabisa na bado isimwokoe mtu.

Hili haliko Marekani tu. Methadoni, dawa ya waraibu wa heroini inayotolewa Muhimbili tangu 2011, hurefusha QT. Bedakwilini ya kifua kikuu sugu vilevile. Flukonazoli, dawa ya fangasi ambayo (tuseme ukweli) tunaiandika bila kufikiri, hurefusha QT na pia huongeza methadoni mwilini.

Halmashauri inapendekeza fomu ya ukurasa mmoja kwa kliniki za wanachama: dawa zote anazotumia mgonjwa, zikiwemo alizojinunulia dukani, kuzimia kwa ghafla katika ukoo wake, na kipimo cha potasiamu pale maabara inapokuwepo. Rasimu mmegawiwa mlangoni. Mwenye marekebisho amkabidhi katibu kabla ya kura ya mchana.