Anza na rosta, shoga yangu

Dar es Salaam

Mama Imani, shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka Upanga, na hongera kwa mzigo waliokutwisha. Nilicheka niliposoma kwamba umekabidhiwa ustawi wa marezidenti, hawa madaktari wanaosomea ubingwa wa tiba ya dharura, bila bajeti wala msaidizi. Ndiyo kawaida yetu: kazi ya kuwaangalia waliochoka anapewa aliyechoka kuliko wote.

Umeniuliza kama uanze na semina ya kukabiliana na msongo. Hapana. Semina ya Jumamosi asubuhi kwa mtu aliyetoka nait, zamu ya usiku, ni adhabu, hata mkigawa sambusa. Shirika la Afya Duniani lilipofafanua mwaka 2019 hali hii ya mtu kumalizwa na kazi, halikuiita ugonjwa. Lilisema ni jambo la kazini, linatokana na msongo wa muda mrefu usioshughulikiwa. Basi kwa nini tumtibu rezidenti, kazi tuiache vilevile?

Anza na rosta, ile ratiba ya zamu. Itoke mapema, mtu ajue kama ataiwahi harusi ya mdogo wake. Usimtoe mtu nait ukamrudisha asubuhi halafu nait tena. Na ile tabia ya kuwabakiza waliotoka nait wasikilize mhadhara wa saa mbili asubuhi, huku wanasinzia kwenye viti vya nyuma, ikomeshe kabisa. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake hushuka sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Na huyo wako akitoka hapo anashika usukani au anapanda bodaboda. Tafuta chumba, hata stoo iliyosafishwa, weka godoro na neti, alale kwanza ndipo aende kwake.

Najua wakubwa watakwambia wao walivumilia. Tangu ubingwa wetu uanze Muhimbili mwaka 2010 tumekuwa tukisimuliana nait zetu kama watoto waliotoka jando. Waache waseme.

Suala la ada kwa wanaojisomesha hatuliwezi mimi na wewe. Ila chakula cha usiku tunakiweza. Ulizia nani anauza nini hapo saa nane za usiku.

Sasa vifo, hasa vya watoto. Muuguzi mmoja wa Virginia, Marekani, Jonathan Bartels, alianzisha desturi ya timu nzima kusimama kimya kwa muda mfupi mgonjwa anapofariki. Hakuna hotuba, na kila mtu anawaza au anaomba kwa imani yake. Haina gharama. Kisha kesho yake mpigie simu rezidenti aliyempa mama taarifa ya msiba. Mpigie yeye, usiandike kwenye grupu la WhatsApp. Usimwulize kama yuko poa, maana atajibu poa. Mwulize amelala saa ngapi na amekula nini.

Halafu watafutie mwanasaikolojia asiyesahihisha mitihani yao. Hapa usinichukie: hakuna rezidenti atakayemfungulia moyo mtu anayeshika alama zake, hata akiwa mpole kama wewe.

Nitumie rosta ya mwezi ujao niipitie kabla hujaibandika ukutani. Msalimie Baba Imani, mwambie mchele wa Kyela umefika salama na wanangu wameshaumaliza nusu.

Wako,
Mama Salma