Kwani si nyinyi mlioanza?

Rau, Moshi
Jumapili usiku

Mpendwa Mama Eliya,

Salamu nyingi sana. Sisi huku wazima, mvua imekawia lakini migomba inajitahidi, na mama anakusalimu, kila siku anauliza yule mtoto wangu wa Arusha mbona haonekani. Shikamoo zangu mfikishie mama mkwe. Rambirambi yako iliingia kwenye simu Alhamisi na sikuijibu, na hata kabla ya msiba nilikuwa kimya karibu mwaka mzima. Nisamehe. Nilikuwa nikiona jina lako kwenye simu naona nitalia, basi naiweka chini.

Baba mdogo tulimzika jana, kihambani, ubavuni mwa mama yake kama alivyotaka. Watu walijaa mpaka barabarani. Wenzake wa vita vya Kagera, vile vya kupigana na Uganda ya Idi Amin, walikuja watatu, mmoja kashikwa mkono na mjukuu, medali kaibandika kwenye koti la harusi. Yule wa Kiboriloni ndiye aliyemsemea wasifu wa jeshini, na sauti yake bado ni ile ile. Chakula kilitosha, mtori ulibaki sufuria nzima. Dada yako wa Majengo alisimama jikoni tangu alfajiri, Mungu ambariki.

Lakini sikuandikii habari za mtori. Kuna ubishi ulizuka pale chini ya turubai baada ya watu kupungua, kama kiongozi aliyewadanganya watu wake wakaingia vitani ashtakiwe, umenikaa kifuani, na sina mwingine wa kumwambia.

Unakikumbuka kile kisa chake cha Masaka, kule Uganda? Hakuwa mtu wa kukisema ovyo, nilimsikia mara mbili tu. Mara ya kwanza ulikuwepo: tuko kidato cha pili, umekuja kwetu likizo, tunamenya ndizi nyuma ya nyumba, naye akaja akakaa juu ya kinu. Alisema walipoingia Masaka, Februari 1979, aliachiwa mateka mmoja amlinde. Kijana mdogo, ana buti moja tu, mguu wa pili kaufunga kitambaa. Askari wa Amin walikuwa wakisema Kiswahili jeshini, kwa hiyo wakaelewana. Yule kijana akamuuliza, "Ndugu, kwani si nyinyi mlioanza?" Baba mdogo akadhani anamkejeli, akainua kitako cha bunduki. Ndipo akamtazama usoni, akaona anauliza kweli. Redio yao ilikuwa imetangaza kwamba Watanzania wameivamia Uganda, na makamanda wakawaambia hivyo hivyo kambini. Alikwenda Kagera akiamini anakwenda kulinda kwao.

"Nikamwambia, mdogo wangu, sisi tulikuwa tumelala." Hivyo ndivyo alivyomjibu. Halafu, unakumbuka, akachukua kisu akaanza kumenya ndizi pamoja nasi, yeye ambaye hatukuwahi kumwona akigusa ndizi mbichi.

Sasa jana yule wa Kiboriloni akakisimulia tena kisa hicho, na mtoto wa shangazi, yule anayesoma sheria Dar, akaingilia. Kwa adabu, sitamsingizia. Akasema kiongozi huamua akiwa na habari nusu nusu, usiku, watu wanamngoja; ukimpeleka mahakamani kwa kila taarifa iliyokuja kuonekana si sahihi, siku nchi inavamiwa kweli hakuna atakayethubutu kutoa amri. Eti kumwajibisha ni kazi ya wapiga kura na historia. Na wazee wakatikisa vichwa kukubali! Wazee wale wale waliozika wenzao vitani kule Lukaya, Uganda.

Nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia, mwanangu, mimi sisemi habari za kukosea. Mtu aliyeona kivuli mgombani akasema "nahisi kuna mtu" amekosea, tutatoka na tochi, tutakuta ni jani, tutarudi kulala. Yule aliyeona kivuli akapiga yowe kwamba amemwona mwizi, ana panga, anamjua kwa jina, na vijana wakatoka wakaua mtu, huyo hakukosea. Alikuwa na shaka mkononi akaiuza kama uhakika. Hilo ndilo kosa ninalotaka lishtakiwe, na halihitaji mtu asome sheria ili alijue.

Nikampa mfano wa Iraki, maana ndio niliofundisha muhula uliopita. Septemba 2002 serikali ya Uingereza ikatoa waraka kwamba baadhi ya silaha za maangamizi za Saddam, rais wa Iraki, zinaweza kuwa tayari kutumika ndani ya dakika 45. Januari 2003 Bush, rais wa Marekani, akalihutubia Bunge lake na kusema Saddam alitafuta urani, madini ya bomu la nyuklia, Afrika. Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, waziri wake wa mambo ya nje, akakaa mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na picha na kanda za sauti, akieleza kwamba anayoyasema yana vyanzo imara. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa walikuwa ndani ya Iraki wakati huo huo, wanaomba muda zaidi. Na tarehe 7 Machi ElBaradei, mkuu wa shirika la nguvu za atomiki, akaliambia Baraza hilo hilo kwamba nyaraka zilizodai Iraki inanunua urani Niger si za kweli. Niger, Mama Eliya! Jina la nchi ya Kiafrika limechukuliwa likaandikwa kwenye karatasi za kughushi ili watu wa mbali wapigwe mabomu. Siku kumi na tatu baadaye vita vikaanza. Silaha hazikuonekana hadi leo.

Powell mwenyewe baadaye alisema hotuba ile ni doa kwenye rekodi yake. Doa! Doa ni la chai kwenye kitambaa. Walikufa askari wa Marekani zaidi ya 4,000, wa Uingereza 179, na raia wa Iraki waliohesabiwa kwa kumbukumbu ni zaidi ya laki moja. Waingereza wakaunda tume ya Chilcot ya kuchunguza vita hivyo mwaka 2009, ikatoa ripoti Julai 2016, maneno milioni 2.6, nayo ikasema tathmini ya hatari ya silaha zile iliwasilishwa kwa uhakika ambao haukustahili. Ndilo neno langu la yowe na kivuli. Miaka saba wamelitafuta, wameliona, wameliandika, halafu kila mtu akaenda nyumbani kwake.

Usidhani nasema vita vyote ni uongo. Mwalimu Nyerere aliposimama Novemba 1978 akasema uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, ile sababu mtu angeweza kwenda kuiona kwa macho: wanavijiji wanakimbia na vichanga mgongoni, daraja la Kyaka limelipuliwa. Ndiyo maana baba mdogo hakuwahi kuijutia safari yake, pamoja na sikio la kulia lililobaki kule. Alichokijutia ni wenzake yule kijana, aliowapiga risasi kabla hajajua. "Nimeua watoto walioongopewa," alisema mara ile ya pili, mwaka jana, akiwa kitandani. Nilikuwa namkamulia chungwa. Sikupata neno la kumjibu.

Basi yule kijana wa sheria akanijibu kwa upole: shangazi, sawa, lakini sheria iko wapi? Akanitajia kesi. Jenerali mmoja wa zamani wa Iraki alitaka Tony Blair, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita vile, ashtakiwe, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ya London ikakataa kwa kuwa uchokozi wa kivita si kosa la jinai katika sheria za Uingereza zenyewe. Na mzee wa Kiboriloni akamalizia, "Mwalimu, mahakama hizi zinafunga wanyonge tu, wenye nguvu wanaandika vitabu." Nikakosa jibu mbele za watu. Sikulala.

Saa nane usiku nikakukumbuka wewe. Wewe uliyefanya kazi masjala ya Mahakama ya Rwanda, ile ya kimataifa ya mauaji ya kimbari, miaka yote ile, unasukuma majalada kwenye korido za AICC, jengo la mikutano pale Arusha, mpaka magoti yakauma. Unakumbuka uliponiingiza siku ile, mwaka 2001, tukakaa nyuma ya kioo? Hedifoni yangu sifongo imechanika, inanichoma sikioni, na kwenye hedifoni ile ikapigwa kanda ya redio iliyochochea mauaji yale. Sikuelewa Kinyarwanda hata neno, nikasikia tu mtangazaji anacheka. Mkalimani akaja nyuma yake taratibu kwa Kiingereza, bila kucheka, na nikaona mshtakiwa mmoja anajimiminia maji kwenye glasi, mkono wake hautetemeki kabisa. Ukanikanyaga mguu nisitoe sauti.

Najua kosa lao lilikuwa jingine, la mauaji ya kimbari, sichanganyi mambo. Lakini pale nilijifunza kwamba maneno yanaweza kupimwa mahakamani: nani alisema, alijua nini siku hiyo, alitaka nini kitokee. Wanatuambia haiwezekani kuingia moyoni mwa kiongozi kujua kama aliamini. Mbona Arusha iliwezekana? Kambanda alikuwa waziri mkuu wa Rwanda, na mwaka 1998 alifungwa maisha na mahakama iliyokuwa ghorofani kwenu, baada ya kukiri mwenyewe.

Halafu nikakaa na daftari nikaandika tarehe, nikashtuka. Machi 2003, Iraki inavamiwa. Agosti 2003, Idi Amin anakufa hospitalini Jeddah, hakuna siku hata moja aliyoulizwa na hakimu kuhusu Kagera. Desemba 2003, Arusha inawatia hatiani watu wa redio ile na wa gazeti. Rufaa ya 2007 iliwapunguzia adhabu, lakini hatia haikufutwa yote. Vyote mwaka mmoja! Na sisi mwaka ule tulikuwa tunasumbukia ada na bei ya mafuta ya taa, hatukuviona vikipita pamoja.

Kuna jambo jingine, na hili naliandika nikiwa na hasira. Mwaka 2010 nchi wanachama wa ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, zilikutana Kampala, mji uleule wa Amin, wakaandika maana ya kosa la uchokozi wa kivita, kosa la viongozi, si la askari. Mahakama ikapewa uwezo juu yake kuanzia Julai 2018. Nikafurahi, halafu nikasoma zaidi: nchi zisizo wanachama hazihusiki, mpaka Baraza la Usalama lipeleke shauri lenyewe, na Marekani si mwanachama. Huku kwetu Umoja wa Afrika mwaka 2014 ulipitisha itifaki ya Malabo ili Mahakama ya Afrika, hiyo iliyopo Arusha, ihukumu kosa hilo hilo. Ndani yake wakaweka kifungu kwamba rais aliye madarakani hashtakiwi. Yaani anayeweza kuanzisha vita ndiye asiyeguswa! Yule mateka mwenye buti moja alikuwa na kinga gani?

Kwa hiyo mzee wa Kiboriloni ana haki kusema wanyonge ndio wanaofungwa. Imeniuma kwa sababu ni kweli. Lakini nikifikiri sana naona hiyo si sababu ya kuwaachia wote. Kama wakubwa wa London na Washington hatuwafikii, wetu tunawafikia, na tunaweza kuanza kwa kukifuta kifungu kile. Mimi sitaki kamba wala kitanzi. Nataka kiongozi akitupeleka vitani kwa sababu isiyoonekana kwa macho, nyaraka alizosoma zifunguliwe baada ya muda uliowekwa na sheria, aketi, aulizwe: siku ile ulijua nini, na kipi ulituficha? Ikionekana alijua akaficha, ahukumiwe, hata kama vita tulishinda, hata kama ni mzee wa miaka tisini. Na mtoto wa shangazi akisema hatapatikana tena wa kutoa amri, namjibu kwamba Mwalimu angekaa kwenye kiti hicho asubuhi na mapema.

Sasa shida yangu. Ijumaa ijayo shuleni kuna mdahalo, kidato cha tano na cha sita, mada nimeipeleka mimi: kiongozi aliyedanganya taifa likaingia vitani ashtakiwe. Mkuu wa shule amekubali baada ya kusitasita, ameniomba tu tusitaje nchi jirani kwa ubaya. Upande wa wapingaji una watoto wakali sana. Nataka uje. Usihutubie, waeleze tu kazi ya masjala: jalada moja linakuwaje, ushahidi unapokelewaje, inachukua miaka mingapi mpaka mtu mmoja aulizwe swali moja. Watoto hawa wanadhani mahakama ni nyundo ya hakimu tu.

Utaweza kupata ruhusa? Ukipanda Noah ya saa moja asubuhi kutoka Kilombero hapo Arusha si utakuwa hapa kabla ya saa nne? Bado unayo ile picha ya kwenye korido, mmesimama na mikokoteni ya majalada? Na niambie kweli, wewe uliyewaona wakipita kila siku: walipokuwa wanasema waliamini walichosema, uliwahi kuwasadiki? Hata mmoja? Je, mashahidi waliokuja kutoka mashambani, walionekana kupata kitu walichokifuata, au walirudi kama walivyokuja? Yule mwenzako wa chumba cha wakalimani yuko wapi siku hizi? Na unadhani nilikosea kubishana msibani, marehemu hajamaliza hata siku moja ardhini?

Nijibu kabla ya Jumatano ili nimwambie mkuu wa shule aweke jina lako kwenye ratiba. Utalala kwangu, chumba cha baba mdogo nimeshakipangusa, na mama amesema ukija atakupikia machalari mwenyewe.

Mwenzako wa siku zote,
yule wa Rau