Kabla hujaagiza tuni mpya ya wimbo wa kitabuni

Walimu wa kwaya wanaofika kwetu, watunzi wa tuni hapa Kisumu, huja na ombi moja: wimbo wa zamani, maneno yasiguswe, tuni iwe mpya. Wengine wameshachagua hadi mdundo wa isukuti, ngoma ya Waluhya. Sisi siku ya kwanza kinanda hatukiwashi. Tunamwomba mwalimu asome ubeti kwa sauti, kama anavyosoma matangazo ya Jumapili, nasi tunapiga mstari chini ya kila silabi yenye mkazo.

Chukua "Mwamba wenye imara, kwako nitajificha". Kila mshororo una silabi saba, sawa na Kiingereza chake, "Rock of Ages", kwa hivyo ukihesabu tu utaona tuni inatosha. Tatizo ni mkazo. Sisi husema i-MA-ra na nitaji-FI-cha, ilhali Kiingereza kilichopimiwa tuni hiyo humalizia mshororo kwa silabi nzito. Ndiyo maana kwaya huvuta "raaa" na "chaaa", huku "ma" na "fi" zikipitwa mbio. Tumezoea tangu Sunday school, hatusikii tena. Tunapotunga, hapo ndipo tunapoanzia: "ma" ipewe pigo zito, "ra" ishuke nyuma yake.

Ubeti wa kwanza ukikubali, bado. Beti zilizobaki zina maneno marefu na mafupi yanayohamisha mkazo, na ile "m" ya "mtu" au "mshindi" ni silabi kamili inayodai noti yake. Tuni iliyotungwa kwa ubeti mmoja hukwama kwenye wa tatu mbele ya watu. Kwa hivyo leteni beti zote, tafadhali, si picha ya nusu ukurasa.

Wazee wakiuliza kwa nini mnachezea wimbo wa babu zao, waelezeni kwa upole. Augustus Toplady alichapisha maneno ya Kiingereza ya "Rock of Ages" mwaka 1776, na tuni zilikuja baadaye. Tuni tunayoijua wengi ni ya Mmarekani Thomas Hastings, ya 1830, na Waingereza wengi wanaimba ile ya Richard Redhead ya 1853.

Kuhusu haki: sheria ya Kenya hulinda kazi ya mtunzi hadi miaka 50 baada ya kifo chake. Toplady alifariki 1778, hana shida. Ila tafsiri ya Kiswahili ni kazi ya mtu mwingine, na ina muda wake. Angalieni mbele ya kitabu ni nani aliyetafsiri na nani mchapishaji. Ikibidi tuombe ruhusa kabla ya kurekodi.

Tuambieni pia nani ataimba. Wimbo wa kwaya ya mashindano unaweza kupanda. Wa waumini wote hatupendi uzidi oktavu moja (do hadi do ya juu) na noti moja au mbili, maana akina baba wa viti vya nyuma hunyamaza mapema.

Mkituachia kazi, mtapata sauti nne kwa solfa (do-re-mi), pamoja na rekodi ya kila sauti peke yake, ya kutuma kwenye WhatsApp ya kwaya. Marekebisho baada ya zoezi la kwanza hatutozi. Ngoma na kayamba tunaongeza mwisho, tuni ikishasimama bila chombo chochote. Wa Pasaka njooni kabla Kwaresima haijaanza. Wiki ya Matawi huwa tumejaa.