Krimu ya ngozi ni dawa, watu waelekezwe namna ya kuipaka

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye safu ya barua, mimi ni daktari wa ngozi na kuna jambo naliona kliniki karibu kila siku linaniumiza sana, bora niliseme hapa lisomwe na wengi.

Mtu anatokewa na choa shingoni au pajani, kile kiduara kinachowasha, ukingo umeinuka una magamba na katikati kama panapona. Anaenda duka la dawa anasema nawashwa, anapewa ile krimu ya mchanganyiko, ndani ina dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Siku mbili tatu muwasho umekata, anafurahi, na jirani naye anamwelekeza. Kumbe steroidi imetuliza tu ule uvimbe na muwasho, kinga ya ngozi imelala na fangasi bado wapo palepale wanasambaa taratibu, akiacha kupaka muwasho unarudi kwa nguvu, anapaka tena, anazunguka hivyo miezi. Akifika kwangu kile kiduara hakionekani, kuna madoa tu yasiyoeleweka, hata sisi inabidi tukwangue magamba tuangalie kwa hadubini ndo tujue ni nini. Na kama alikuwa anapaka kinenani au kwapani ameshapata michirizi, ile hata ukiacha dawa haifutiki.

Jamani sisemi steroidi ni mbaya. Kwa mtoto mwenye ukurutu ni dawa nzuri mno, tena huko shida ni kinyume chake, wazazi wanaiogopa mpaka wanapaka katone ambako hakatoshi hata kiwiko, mtoto anakesha anajikuna wanasema dawa haifanyi kazi. Hawa wote, anayezidisha na anayepunguza, wameambiwa "paka kutwa mara mbili" basi, wakaondoka.

Kiasi gani? Kipimo kipo tangu mwaka 1991 na hakihitaji kifaa chochote. Kamulia krimu juu ya kidole cha shahada cha mtu mzima kutoka nchani mpaka kwenye pingili ya kwanza, hiyo ni kama nusu gramu, inatosha kupaka eneo la viganja viwili vya mtu mzima na vidole vyake. Mkono mzima bila kiganja unataka vipimo 3, mguu bila unyayo 6. Kwa mtoto unapima kwa kidole chako mzazi, halafu unaangalia ukubwa wa eneo lenye ugonjwa. Nikimwonyesha mgonjwa hivi kwa kidole chake mwenyewe haichukui hata dakika moja, na akirudi unaona tofauti.

Upele nao, ule unaoletwa na wadudu wadogo wa ngozini, ni hivyohivyo. Watu wanapaka dawa pale panapowasha tu, wakati permethrini, krimu ya kuua wadudu hao, inatakiwa ipakwe kuanzia shingoni mpaka nyayo, katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, sehemu za siri, ikae masaa 8 mpaka 14 ndo uoge, na ukinawa mikono kabla ya hapo unapaka upya mikononi. Kisha unarudia baada ya wiki. Na nyumba nzima mnapaka siku moja, hata asiyewashwa, maana anayeupata mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 mpaka 6 na wadudu mwilini hajaanza kujikuna. Hili nalo watu hawaambiwi: muwasho unaweza kuendelea wiki kadhaa baada ya wadudu kufa, hivyo mgonjwa anadhani hajapona anapaka kila siku mpaka ngozi inaungua, akija tunatibu muunguo wa dawa.

Za kung'arisha ngozi zisizoandikwa vilivyomo ndani sitaki hata kuzizungumza sana, zingine zina zebaki na zebaki inaharibu figo. Ukiona kopo halina orodha ya viambato liache.

Ombi langu kwenu Mhariri, ukurasa wa afya utenge hata kona ndogo ya namna ya kutumia dawa za ngozi, na picha ya kile kidole iwepo. Wauza dawa ndugu zangu, kabla hujatoa krimu yenye steroidi mwombe mtu akuonyeshe panapowasha, kama ni kiduara chenye magamba mpe dawa ya fangasi peke yake, au mwelekeze hospitali. Na wewe mgonjwa ukija kwetu njoo na kila unachopaka, tyubu zote, sabuni, mafuta, hata ile uliyoambiwa usiseme, hatukugombezi. Ukiwa unaondoka muulize daktari napaka wapi, kiasi gani na naacha lini, hata kama foleni ni ndefu na anaonekana ana haraka, usinyanyuke mpaka akujibu.

Daktari wa ngozi, msomaji wenu