Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: sato afungiwe mahali, si tarehe

Mheshimiwa Waziri,

Tangu Ziwa Tanganyika lifungwe kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mialoni huku Ziwa Victoria watu wanaulizana zamu yetu lini. Ya sangara na dagaa tunawaachia wanaowavua. Kuhusu sato tunasema wazi: kufunga ziwa kwa tarehe hakutamsaidia. Huyu huzaa mwaka mzima, ingawa msimu wa mvua huzidisha. Pafungwe anapozalia.

Dume huchimba kiota kwenye maji mafupi, aghalabu chini ya mita mbili, penye mchanga au tope lililoshikana. Ni shimo la duara lililofagiliwa likawa safi kama karai, upana wa nusu mita hivi, na dume kubwa huzidisha. Viota hukaa vingi pamoja. Jike hutaga humo, huyazoa mayai kwa mdomo, kisha huondoka nayo kwenda kuyaatamia kinywani. Vifaranga wakishaanza kuogelea bado hukimbilia mdomoni mwake wakishtuka. Kazi hiyo humchukua wiki mbili au zaidi, na muda wote huo hali kitu cha maana.

Ndiyo maana ukubwa wa macho ya nyavu pekee hautoshi. Wavu halali kabisa humwachia mdogo apite na kumnasa jike mzito aliyejaa mayai kinywani. Akihangaika huyatema. Yale ya manjano yanayotapakaa sakafuni mwa mtumbwi, ambayo wengi huyamwaga pamoja na maji, ni mamia ya sato.

Kokoro, wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, limekatazwa, na sababu iko chini ya maji: kamba yake ya chini yenye uzito husawazisha viota na kung'oa majani, halafu mfuko hukomba vifaranga. Katuli, uvuvi wa kuwatisha samaki waingie wavuni, haikwarui chini, lakini kule kupiga maji kwa miti humtoa dume kiotani na kumtemesha jike. Ndoana ina nafuu. Jike anayeatamia hashawishiki na chambo, kwa hiyo anayenasa kwa kawaida ni dume au jike asiye na kitu kinywani.

Tunaomba basi ukanda wa mazalia katika ghuba zenye viota, kuanzia ufukweni hadi kina cha mita tatu: nyavu za aina yoyote marufuku, ndoana ya mkono iruhusiwe ili mwenye kutafuta kitoweo asiumie. Mpaka upimwe kwa kina, si kwa umbali kutoka ufukweni. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likafunika mialo, na maji mafupi yakahamia palipokuwa nchi kavu. Boya lililowekwa kwa umbali lingebaki likilinda kilindi kitupu.

Kuchora ramani si kazi ya mtaalamu peke yake. Wana BMU, vikundi vya wavuvi vya kulinda rasilimali za uvuvi mialoni, watoke asubuhi upepo haujaamka, na upondo wenye alama kila nusu mita. Maji yakiwa maangavu, viota huonekana kwa macho. Yakiwa na tope, papasa kwa upondo: ncha huzama ghafla, inagota mahali pasipo majani, kisha inapanda tena. Alama za mahali zichukuliwe kwa simu. Zoezi lirudiwe kabla ya vuli na kabla ya masika, maana kina hubadilika.

Kwa maboya, madumu ya lita 20 yaliyopakwa rangi yanatosha, ila kamba iwe ndefu kuliko kina, la sivyo wimbi litanyanyua jiwe linaloshikilia boya. Penye magugu maji dumu halidumu: upepo ukiyasukuma magugu, huondoka nalo. Huko isimikwe miti badala ya maboya.

Kinachokwamisha doria ni mafuta ya boti. Agizo likitoka bila fungu la mafuta kwa BMU, kokoro litarudi usiku wa kwanza usio na mbalamwezi. Tunaomba vyote viwili vitoke pamoja, kabla ya mvua za vuli.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wavuvi wa sato, Ghuba ya Mwanza